Hatua ya Kwanza ya Straika: Colombia, Tanzania na Njia za Usukuma

Orodha ya klabu za mshambuliaji husomwa vibaya kuliko takwimu yoyote ya soka. Nenda Usagara, wilayani Misungwi, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo, uwaulize vijana wa bodaboda wanaongoja abiria. Watakutajia klabu za Mbwana Samatta bila kukwama: African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp, PAOK, Le Havre. Mmoja atasema huyu ni mkubwa, kafika kote huko. Mwingine atajibu kwamba angekuwa mkubwa kweli asingehamahama. Wanabishana, lakini kosa lao ni moja: wote wawili wanahesabu klabu. Hakuna anayeuliza hatua ya kwanza ilitua wapi, na ya pili ilifuatia kwa sababu gani.

Uhakiki huu unaweka safari za washambuliaji wa Tanzania kando ya safari za wenzao wa Colombia, nchi iliyosambaza mastraika wake duniani kwa miongo mingi. Hoja yangu ni kwamba mshambuliaji hufika mbali pale hatua yake ya kwanza nje ya nchi inapokuwa ya karibu: karibu kwa lugha, kwa maisha, au walau kwa kiwango cha mpira. Wacolombia wameligeuza hilo kuwa desturi. Sisi tumelifanya kwa kubahatisha, ingawa kanda hii ya Ziwa ilikuwa na desturi ya namna hiyo kabla mpira wa miguu haujafika.

Tuanze na hiyo ya nyumbani. Katika karne ya 19 vijana wa Kisukuma na ndugu zao Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Kwa Wanyamwezi hasa, kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa hajapevuka. Lakini hakuna aliyekurupuka peke yake. Walikwenda kwa misafara, nyuma ya kiongozi aliyeijua njia, visima na vituo vyake, na wengi walipanga safari kwa kufuata kiangazi ili wawahi kurudi kulima. Aliyerejea aliulizwa amepita wapi na amerudi na nini; hicho ndicho kilikuwa kipimo cha msafara.

Usukuma una kipimo kingine pia, nacho ni cha mbina. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Manju hutunga, huvumbua mbwembwe mpya, hutafuta hata dawa ya mvuto, kwa maana watazamaji hawana ahadi na mtu. Upande wa pili ukichangamka, wanavuka. Leo umati ni wako, kesho umebaki na wapiga ngoma wako.

Vipimo hivi viwili vyote ni halali, kila kimoja mahali pake. Tatizo la mazungumzo yetu ya soka ni kwamba tunampima msafiri kwa kipimo cha mbina. Tunatazama umati uliokuwepo siku ile, jina la klabu na ukubwa wa uwanja, kisha tunatoa hukumu.

Colombia iliingia katika soka la kulipwa kwa mlango usio wa kawaida. Ligi yake, inayoendeshwa na chombo kiitwacho DIMAYOR, ilianza mwaka 1948. Ikagombana na wakubwa wa soka, ikajitenga, na kati ya 1949 na 1954 klabu zake zikawanunua nyota wa Argentina na kwingineko kwa fedha ambazo klabu zao hazikuweza kulipa. Alfredo Di Stéfano alichezea Millonarios ya Bogotá katika miaka hiyo, kabla Ulaya haijamjua. Kwa hiyo Wacolombia walimwona mchezaji msafiri kwanza kama mgeni aliyekuja kwao kufanya kazi na kuondoka. Zamu yao ya kuondoka ilipofika, jambo lenyewe halikuwa geni.

Ziangalie hatua zao. Radamel Falcao, mzaliwa wa Santa Marta, aliingia uwanjani katika daraja la pili la Colombia mwaka 1999 akiwa na miaka 13, kwenye timu ya Lanceros Boyacá. Mwaka 2001 alikwenda Argentina kulelewa na River Plate. Porto ilimchukua 2009, Atlético Madrid 2011, Monaco 2013. Hugo Rodallega wa Valle del Cauca alipita Quindío na Deportivo Cali, akaenda Mexico akachezea Monterrey, Atlas na Necaxa, ndipo Wigan ya Uingereza ikamsajili mwaka 2009. Carlos Bacca aliikanyaga Venezuela kwanza, kwenye klabu ya Minervén. Faustino Asprilla ndiye aliyeruka moja kwa moja hadi Italia, Parma, mwaka 1992, lakini alikuwa ametoka Atlético Nacional, klabu iliyotwaa ubingwa wa Amerika Kusini mwaka 1989.

Argentina, Mexico, Venezuela: kote huko Kihispania ndicho kinachosemwa. Kijana anafika akiwa mgeni wa mji, ila anaelewa kocha anaposema rudi nyuma, anaweza kumwambia daktari goti linauma wapi, na anaweza kusoma mkataba anaowekewa mbele yake. Upweke upo, na baridi ipo. Lakini mambo mawili au matatu yanayowavunja vijana wengi miguu katika mwaka wa kwanza yamekwisha kupunguzwa.

Sasa njoo kwetu. Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta kwa akili yake uwanjani, alitoka Yanga akafika Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye alipita Marekani, Austria na Dubai. Ilikuwa safari kubwa kwa wakati wake, lakini haikuacha njia. Baada yake hakuna klabu ya Uholanzi iliyozoea kutazama Dar es Salaam, wala klabu ya Dar es Salaam iliyozoea kuuza Uholanzi. Kila aliyefuata alifyeka upya.

Mrisho Ngassa ni mtoto wa Mwanza, na baba yake, Khalfan Ngassa, alikuwa mchezaji pia. Mbio zake zilikuwa za kuogofya mabeki. Mwaka 2009 alikwenda kufanya majaribio West Ham ya London. Mwaka 2011 alikuwa Marekani kwa majaribio na Seattle Sounders, akaingizwa hata katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Hakusajiliwa kote kuwili. Mwaka 2012 El-Merreikh ya Sudan ilimtaka, yeye akakataa. Alipotoka kweli, mwaka 2015, alikwenda Free State Stars ya Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akawa Fanja ya Oman. Mwaka 2018 alikuwa amerudi Yanga.

Tazama mpangilio wa safari hiyo. Juu kabisa kwanza, kwa siku chache za majaribio. Karibu baadaye, umri ukiwa umesogea. Omdurman, mji wa El-Merreikh, ungekuwa hatua ya kati: klabu iliyokuwa ikicheza mashindano ya Afrika karibu kila mwaka na kutazamwa na Waarabu wenye fedha. Lakini kwa kijana anayepigiwa makelele na Kariakoo nzima, Sudan ni kuuacha umati. Hapo kipimo cha mbina kinaonekana kikifanya kazi. Simba na Yanga zinampa mshambuliaji shangwe ambayo ligi nyingi za ngazi ya kati haziwezi kumpa, na shangwe hiyo ina bei yake: inamfanya aone kila hatua ya karibu kuwa ni kushuka.

Samatta alifanya kinyume, na ndiyo maana namsoma kama straika wa Kicolombia aliyezaliwa Dar es Salaam. Mwaka 2011 aliondoka Simba akiwa bado hajafikisha miaka 20, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mji huo una mambo matatu aliyoyahitaji. Una klabu yenye uwanja wake, ndege zake na tajiri wake, Moïse Katumbi. Ulikuwa na Ligi ya Mabingwa Afrika karibu kila msimu. Na watu wake husema Kiswahili, chenye lafudhi na misamiati ya Katanga, lakini Kiswahili. Alikaa hapo karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, naye akafunga mabao saba katika mashindano hayo, akiwa miongoni mwa wafungaji bora. Januari 2016 alitangazwa Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji.

Hapa ndipo anapokutana na Bacca. Bacca alizaliwa 1986 Puerto Colombia, pwani ya Karibi, karibu na Barranquilla. Ujanani alivua samaki na kufanya kazi ya msaidizi wa basi; kwa lugha ya hapa, alikuwa konda. Wasomaji wa Mwanza hawahitaji kuelezwa maisha hayo, kwa kuwa wanakutana nayo kila asubuhi mialoni na stendi. Alipitia Barranquilla FC ya daraja la pili, akaenda Venezuela, akarudi akang'ara na Junior, na Januari 2012 akasajiliwa na Club Brugge ya Ubelgiji akiwa na miaka 25. Msimu wa 2012/13 alifunga mabao 25 ya ligi. Samatta, katika ligi hiyohiyo msimu wa 2018/19, alifunga 23, Genk ikawa bingwa, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini humo.

Wote wawili waliingia Ubelgiji wakiwa watu wazima kisoka, si watoto wa kubahatisha. Kilichofuata kiliwatenganisha. Bacca alikwenda Sevilla 2013, akatwaa Ligi ya Europa mara mbili mfululizo, na katika fainali ya 2015 mjini Warsaw alifunga mawili kati ya matatu yaliyoizamisha Dnipro. Sevilla ilikuwa klabu iliyojua kumtumia mtu wa aina yake. Samatta alinunuliwa na Aston Villa Januari 2020, ikiwa miongoni mwa timu za mkiani, ikitafuta mabao ya kujiokoa. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Bournemouth, Februari 1, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 1, lilikuja bao la Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Inafaa kulitazama polepole. Villa iko nyuma kwa mabao mawili. Anwar El Ghazi anapata mpira na kuupenyeza ndani kwa krosi ya chini kidogo, ya kifua na kichwa. Samatta haangalii goli, keshajua lilipo. Anajirusha mbele ya beki, mwili umelala hewani, na kichwa kinaupa mpira mwelekeo tu, kwa sababu nguvu tayari imo kwenye krosi. Kipa Claudio Bravo hana la kufanya. Bao la namna hiyo halifundishwi kwa wiki mbili za majaribio. Ni matokeo ya miaka ya kukimbilia krosi Lubumbashi na Genk, mpaka mwili ukajua wenyewe wapi pa kuwa.

Villa ilipoteza 2–1. Siku chache baadaye ugonjwa wa korona ukasimamisha ligi, na Septemba mwaka huohuo Samatta alikuwa Fenerbahçe kwa mkopo. Vijiwe vikatoa hukumu: kashindwa. Lakini msome kwa kipimo cha msafara. Uturuki, Ubelgiji tena, Ugiriki ambako PAOK ilitwaa ubingwa wa 2023/24, kisha Ufaransa mwaka 2025, akiwa nahodha wa Taifa Stars karibu muda wote huo. Huyu ni fundi anayeendelea kupata kazi akiwa na zaidi ya miaka 30, katika nchi ambazo washambuliaji hawaajiriwi kwa huruma.

Wacolombia wana ustadi mwingine unaotupita, nao ni namna ya kumpokea anayerudi. Falcao aliumia goti Januari 2014 akiwa Monaco, akakosa Kombe la Dunia la mwaka huo, akaenda Manchester United na Chelsea kwa mikopo ambayo haikumfaa. Wengi walimzika. Akarudi Monaco, akawa bingwa wa Ufaransa 2017, akaenda Galatasaray na Rayo Vallecano, na mwaka 2024, akiwa na miaka 38, akajiunga na Millonarios nyumbani. Bacca alirudi Junior 2022 na kutwaa ubingwa 2023. Rodallega alitwaa ubingwa na Santa Fe mwaka 2025 akiwa na miaka 39. Kurudi kwao kunahesabiwa kuwa kipindi cha kazi chenye malengo yake. Ngassa aliporudi Yanga, maneno mengi yalikuwa juu ya kile ambacho hakukipata London.

Mtu anaweza kunipinga kwamba Colombia ni nchi kubwa, ina watu wengi, lazima itoe mastraika wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7; Wacolombia ni wachache kuliko sisi. Anaweza pia kusema hatua ya karibu si dhamana, na hapo nakubali. Thomas Ulimwengu alikwenda Mazembe mwaka uleule wa 2011, akawa bingwa wa Afrika uleule wa 2015, akafika AIK ya Sweden 2017, lakini hakufikia alipofika mwenzake. Na Michael Olunga wa Kenya alitoka Gor Mahia moja kwa moja hadi Sweden, Djurgården, mwaka 2016, kisha China, Hispania na Japani, ambako alifunga mabao manane katika mechi moja ya Kashiwa Reysol mwaka 2019, na mwaka uliofuata akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kwa mabao 28. Sweden si karibu na Nairobi. Lakini ligi yake ni karibu kwa kiwango: mgeni anacheza, anakosea, anarudiwa. Simon Msuva vilevile aliiacha Yanga 2017 kwenda Difaa El Jadida ya Morocco, klabu ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia, na kutoka hapo ndipo Wydad ikamwona.

Wakati tunabishana, Tanzania yenyewe imegeuka ngazi ya watu wengine. Fiston Mayele alitoka Kongo akaja Yanga 2021, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, akauzwa Pyramids ya Misri, na 2025 akawa bingwa wa Afrika. Lugha haikumsumbua hapa. Na mwaka 2024 Azam FC ilisajili Wacolombia, wakiwemo washambuliaji Franklin Navarro na Jhonier Blanco. Colombia imekuja hadi Chamazi, nyumbani kwa Azam, kutafuta hatua, ilhali kijana wa Misungwi anaota Manchester.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa makocha, walimu na wazazi wa wilaya hii, wanaowaona watoto kabla ya mtu mwingine yeyote, kwenye viwanja vya shule na mechi za kugombea mbuzi. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu. Timu iliyomlea mtoto miaka minne ya mwanzo ina haki ya dola 10,000 kwenye kila uhamisho wa dola milioni moja. Lakini fedha hiyo inafuata usajili ulioandikwa, na mechi ya mbuzi haiandiki mtu. Sajilini timu, sajilini watoto, wapatieni vyeti vya kuzaliwa mapema. Kanuni hizohizo haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa hiyo wakala anayedai nauli ili ampeleke Ulaya mtoto wa miaka 15 afukuzwe. Na siku kijana atakapoitwa Lubumbashi, Nairobi au Muscat, msimwambie angoje London. Mwacheni aende.